Kitenge cha mteja kiko mezani siku ya nne, mkasi siushiki. Nifanyeje?

DadaCherehani (Jumatano)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Morogoro, huu mwaka wa saba. Kushona hakunisumbui. Nikishakata tu, mguu unapiga pedeli wenyewe hadi giza linaingia. Shida yangu ni kukata.

Nina kitenge cha dada mmoja, yadi 6, gauni la kubana mpaka magotini halafu linafunguka chini. Ni la send-off ya mdogo wake Jumamosi hii. Kimekunjwa mezani tangu Jumapili. Nikishika chaki, mkono mwingine unatafuta simu. Naangalia mishono, saa nzima inakwisha. Nikiiweka simu, nasikia hamu ya chai, navuka barabara. Nikirudi nafagia kibanda ambacho nilikifagia asubuhi.

Chanzo nakijua. Mwaka jana nilikata gauni la mtu, kiuno kikapanda inchi mbili. Nikalipa kitambaa, elfu 45, na mteja hakurudi tena. Tangu hapo nikifungua mkasi tumbo linanikata. Uvivu sina, saa 12 asubuhi nimeshafungua. Ila nimechoka kuwaambia watu "njoo kesho" huku najua kesho yenyewe haipo. Naombeni msaada.

MzeeWaMakorora
Mwanangu, pole. Nimeshona suti Tanga tangu ujana wangu, na huo uoga naujua. Unamwogopa mkasi kwa sababu umeupa kazi ya kufikiri. Fikiri kabla yake. Nunua amerikani, kile kitambaa cheupe cha bei ya chini (jina limetokana na meli za Wamarekani zilizokileta Unguja karne ya 19). Kata gauni hilo kwenye amerikani kwanza, liunge kwa uzi mrefu, mwite mteja alivae. Likikosea, limekosea kwenye amerikani. Kisha lifumue, vipande vyake ndiyo pateni yako, na kwenye kitenge uache inchi moja kila ubavu. Ukifika hapo unafuata mstari tu.

Mhasibu255
Dada, kuna mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, John Perry, aliandika mwaka 1996 kwamba mtu anayeahirisha kazi huwa anafanya mambo mengi mengine ili mradi tu aikwepe ile moja. Basi hayo mengine yawe na faida. Mwaka 2011 walimpa tuzo ya Ig Nobel, zile za kazi zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Mimi nikikwepa hesabu za mwezi napanga risiti. Wewe ukilikwepa gauni, kaza vifungo vya watu, tia zipu.

MzeeWaMakorora
Kijana, hilo linafaa kwa kazi isiyo na siku. Send-off ni Jumamosi. Atatia zipu kumi na bibi harusi ataenda na dada asiye na nguo.

NasahaPwani
Dada yangu, mimi nakaa na watu wanaoacha sigara. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington alifundisha kwamba hamu ni wimbi: inapanda, inafika kileleni, inavunjika. Anayeipiga vita inamchosha, na anayeitii inarudi na nguvu. Wewe itazame tu ikipita. Na kwa kuwa una chaki mkononi, ipe hamu kazi: kila mkono ukitaka simu, chora kwanza mstari mmoja wa gauni. Mmoja tu. Halafu simu ukiitaka, chukua.

DadaCherehani (Ijumaa)
Nimerudi wapendwa. Jana asubuhi nilinunua amerikani yadi 4. Simu nikaiweka kwenye kopo la vifungo, juu ya rafu, lazima nipande kigoda kuifikia. Hamu ya kwanza ilikuja kabla sijakunjua kitambaa. Nikachora bega. Ya pili, nikachora kwapa. Hamu ya chai ilipokuja nikachora kiuno, nikakipima mara tatu, mikono ikitetemeka. Nilihesabu hamu 11 mpaka saa 5, na ya 11 ilinikuta nimebakiza pindo peke yake. Mara mbili nilipanda kigoda nikaichukua simu, sifichi. Lakini mstari ulikuwa umeshachorwa.

Mteja alikuja saa 9 kujaribu. Kiuno kilikuwa chini kwa nusu inchi, nikakibana kwa pini akiwa amesimama. Mzee wangu, Mungu akuweke. Kitenge nilikikata jana hiyohiyo kabla ya magharibi, sauti ya mkasi nikaisikia mpaka mwisho wa yadi.

Sasa gauni limening'inia dirishani, limebaki kupigwa pasi. Amesema anapita saa 11 kulichukua, na nimemwambia aje.