Nimealikwa Ballina, Ayalandi, mji wa samaki samoni. Nivae nini, nibebe zawadi gani?

Mwana wa Kibirizi (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni kijana wa Kigoma, niko Uingereza mwaka wa pili huu napambana. Kuna familia imenialika siku nne Ballina, kamji ka mkoa wa Mayo, magharibi mwa Ayalandi, kando ya mto Moy. Kule samoni ndiye kila kitu. Wanamvulia mjini kabisa, watu wameegemea ukuta wa mto wanatazama kama tunavyotazama ndondo. Tunaondoka tarehe 9 mwezi wa kumi, yaani wiki mbili na ushee.

Naomba kujua: gambuti za kawaida zinatosha au kuna mavazi yake? Zawadi, nibebe kahawa ya kwetu au kitenge? Na kwa mliowahi kuvua samoni, mtu aliyezoea dagaa wa karabai anaweza kufundishika kwa siku nne?

Wiki nzima sijalala vizuri, hivyo naomba majibu ya kiutu uzima. Nawasilisha.

Fundi Antena
Nimevuta kigoda. Huo si ndio mji wa mababu zake Biden? Alihutubia pale Aprili 2023, nje ya kanisa kuu lililo kando ya mto. Ukifika mwambie fundi anakusalimia.

Dada Zuhura
Beba kahawa mdogo wangu, kitenge achana nacho. Mimi nilimpelekea mama mkwe wangu wa Kijerumani doti ya kanga, nimeichagua kwa rangi, maandishi sikuyasoma. Akatandika moja mezani siku ya Krismasi. Ninakaa kula naona mbele yangu MDHANIAYE NDIYE SIYE. Wifi yangu, ambaye alikuwa ameolewa Lamu miaka mitatu na Kiswahili anakijua, akasoma kwa sauti, akaniangalia. Mpaka leo hatuongei. Kahawa haina maandishi.

Sangara Mkavu
Gambuti ni za shambani. Pale kuna wanaoingia mtoni maji kiunoni, wanavaa suruali ya mpira inayofika kifuani. Mimi wa Ukerewe, samoni sijamvua, ila nilikaa Uskoti miezi sita nikawa natazama. Hawatumii minyoo hovyo. Wanafunga manyoya kwenye ndoana yafanane na mdudu, wanarusha, wanavuta, wanarusha. Siku nzima. Samaki hakuna. Jioni wanakwenda baa kusimulia alivyoponyoka. Na kibaya zaidi, samoni akishatoka baharini kuingia mtoni kuzaa huwa hali tena, kwa hiyo unamtega mtu aliyefunga. Sisi sangara mmoja wa kilo arobaini...

Fundi Antena
Kilo arobaini tena. Juzi kwenye uzi wa mafuta ya samaki alikuwa wa ishirini na tano.

Mlinzi wa Lango
Mtu hakosi usingizi wiki nzima kwa sababu ya gambuti. Mkuu, hiyo familia ni ya nani kwako? Na una viza ya Ayalandi? Ya Uingereza haikupeleki kule.

Mwana wa Kibirizi
Mkuu tusitoke nje ya mada. Ni familia ya mtu ninayefanya naye kazi. Safari imeshapangwa, tunakwenda na gari lao, meli ya Birkenhead hadi Belfast, ambako bado ni Uingereza, halafu barabara ya Enniskillen kuelekea Sligo. Mpakani hapo hakuna hata kamba.

Dada Zuhura ahsante, kahawa imepita.

Mlinzi wa Lango
Nimeuliza viza, umenijibu barabara.

Karani wa Nyeri
Ndugu yangu, mimi kwetu ni Kiganjo, pale kuna shamba la serikali la kuzalisha trauti, binamu yake samoni. Hawa samaki waliletwa na walowezi kuanzia mwaka 1905, wakawekwa kwenye mito baridi ya Aberdare. Guka yangu, yaani babu, alikuwa akiwabebea wazungu mikoba ya kuvulia. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa hata kutumbukiza kidole, mto ni wa mwenye leseni. Usiku ndiyo alikuwa akirudi peke yake na kikapu. Alishikwa mara mbili. Mara ya tatu askari alikuwa mjomba wa mke wake, wakagawana. Kwa hivyo wewe ukialikwa kuvua mchana, na mzungu akushikie mkoba, nenda! Guka atafurahi huko aliko.

Mama Galway
Mwanangu, naishi huku Ayalandi mwaka wa kumi na nne, nisikilize. Ayalandi haimo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, wala si sehemu ya Uingereza. Ule utaratibu wa kuvuka bila pasi ni wa raia wao, Waingereza na Waayalandi. Mtanzania anatakiwa viza kabla hajakanyaga, hata kama kibali chake cha Uingereza kina miaka mitano mbele. Ni kweli kizuizi hakuna. Lakini askari wa uhamiaji huwa wanasimamisha mabasi na magari upande wa huku, na unajua wanayemwangalia kwanza ni nani. Ukirudishwa, kila fomu ya viza utakayojaza maisha yako itauliza kama umewahi kukataliwa mahali.

Maombi unajaza mtandaoni, unatuma karatasi, ya kuingia mara moja ni yuro 60. Kwa wiki mbili huwahi.

Mwana wa Kibirizi
Sawa mama. Viza sina. Nilijua nikiandika mwanzoni watu wataruka na hilo tu.

Lakini tuangalie mambo kwa utulivu. Siendi kuhamia. Gari ni la kwao, wana namba za Uingereza, dada aliyenialika ana pasi ya Ayalandi. Anasema tangu azaliwe hajawahi kusimamishwa hata siku moja. Na tayari amelipia meli, jina langu limo.

Fundi Antena
Yeye hajasimamishwa. Yeye. Mkuu jiangalie kwenye kioo kisha urudi hapa.

Mzee wa Busara
Vijana wa leo njia za panya mnaziona barabara kuu. Sisi tulikwenda Bulgaria mwaka 1981 kusoma, kila karatasi ilikuwa na mhuri wa wizara tatu. Mtu mwaminifu katika dogo huaminiwa katika kubwa. Mambo ya kufuata wanawake wa kizungu kwenye magari yao yamewaponza wengi.

Mwana wa Kibirizi
Mzee shikamoo. Huyo dada ana miaka 61 na wajukuu wawili.

Mzee wa Busara
Marahaba. Sijasema umri.

Nesi Mstaafu
Naomba niulize polepole. Umesema "mtu ninayefanya naye kazi". Wewe kazi yako ni ipi, mwanangu? Maana dada wa miaka 61 hafanyi kazi na wewe. Nahisi ana baba, na baba yake ndiye kazi yako.

Mwana wa Kibirizi
Mama umenikamata.

Mimi ni kea, yaani mlezi, kwenye makazi ya wazee. Mzee ana miaka 88, amezaliwa Ballina, akaja Uingereza kijana kujenga barabara. Yuko kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake anataka ampeleke akauone mto, na peke yake hawezi kumwinua wala kumwogesha. Nimechukua likizo yangu halali. Mwajiri anajua naenda likizo, hajui naenda na nani. Dada amesema atanipa ahsante kidogo. Sikuomba.

Kabla hamjaanza: si kazi hiyo. Ni ubinadamu. Kwetu ukimpeleka babu wa jirani hospitali unaandikiana mkataba?

Nesi Mstaafu
Kwenu babu akianguka wanakuja majirani. Kule Mayo Mzee akiteleza bafuni saa nane usiku, ambulansi itauliza wewe ni nani. Utasema nani? Bima ya mwajiri wako haikufuati likizo. Viza yako ya Uingereza imeshikwa na huyo huyo mwajiri, na makazi mengi yanakataza kupokea hata bahasha ya pauni ishirini kutoka kwa familia. Nimefanya kazi hiyo miaka 26. Nimeona watu wema wakifukuzwa kwa wema wao, na familia iliyowatuma ikaandika barua ya kusikitika.

Karani wa Nyeri
Hii imekuwa nzito. Mimi nilidhani tunaongea samaki.

Mama Galway
Na mimi kuna kitu kinanisumbua. Mwanangu, ulisema mnakwenda kuvua, tena ukauliza kama utafundishika. Mto Moy samoni unafunguliwa tarehe 1 Februari na kufungwa tarehe 30 Septemba. Mnaondoka tarehe 9 Oktoba. Huyo mwenyeji mzaliwa wa pale, halafu hajui? Pale hata mtoto wa darasa la pili anaijua hiyo tarehe. Na kabla ya ndoana kugusa maji kuna leseni ya serikali, kitabu cha kuandika kila samaki, na vibandiko vya kumfunga samaki kila ukimchukua.

Fundi Antena
CHAI HIYOOO 🍵🍵 Nilijua tu! Mzee wa miaka 88, kiti cha magurudumu, mto wa utotoni, bado mvua inyeshe na mtu apige filimbi. Yote uliyoandika yapo mtandaoni, hata mimi ya Biden nimeyatoa huko. Wakuu tumeliwa muda.

Sangara Mkavu
Chai, na haina hata iliki.

Mlinzi wa Lango
Hata mimi nimeanza kusita. Mwana wa Kibirizi, tuambie kitu kimoja ambacho hakipo mtandaoni.

Dada Zuhura
Jamani kijana mnamtesa. Chai anayekunywa si anajitakia? Hata kanga yangu, nilipoisimulia kwenye uzi mwingine, mliniita mwongo.

Fundi Antena
Kanga yako tuliikubali. Wifi wa Lamu ndiye tuliyemtilia shaka.

Mwana wa Kibirizi
Nilikuwa zamu, nimetoka sasa hivi.

Kitu ambacho hakipo mtandaoni. Mzee anachomoa nyuzi za blanketi. Anazifunga kwenye mpini wa kijiko cha chai, fundo baada ya fundo, anang'ata ncha kwa ufizi maana meno usiku tunayatoa. Akimaliza ananipa, ananiambia hiki cha maji machafu, hiki cha maji safi, weka kwenye kofia. Nina vijiko tisa chumbani kwangu. Jikoni wanavitafuta.

Ana ugonjwa wa kusahau. Kila asubuhi ananiambia leo tunakwenda kuvua. Binti yake alikuwa akimsahihisha, Mzee analia, siku hizi hamsahihishi. Kwa hiyo nyumba nzima tunasema kuvua, kuvua, na mimi nimeandika kuvua. Msimu kufungwa dada anajua, nimempigia sasa hivi. Amesema kufungwa ni afadhali, hapatakuwa na mtu mtoni wa kumuuliza kwa nini hashiki fimbo ya kuvulia. Mimi ndiye nilitaka kujifunza, niliona aibu kusema nilidhani kweli.

Nilimsimulia tunavyowasha karabai ziwani usiku dagaa wanakuja wenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema huo si uvuvi, huo ni ukora.

Sangara Mkavu
Hapo kwenye ukora Mzee ametukosea heshima. Lakini si chai. Naondoa neno langu.

Fundi Antena
Vijiko tisa. Aisee. Mimi nitarudi kesho.

Mama Galway
Mwanangu samahani kwa kukutilia shaka, ila ya viza siondoi. Kama ni mto na samoni tu, mpelekeni Kelso, Uskoti, pale mto Teviot unapoingia kwenye Tweed. Mji mdogo, mto unapita pale pale, msimu wa Tweed unakwenda mpaka tarehe 30 Novemba, hivyo wavuvi atawaona kwa macho. Epukeni Jumapili tu, Uskoti samoni havuliwi Jumapili. Viza huhitaji, uko ndani ya Uingereza. Atajua tofauti?

Mwana wa Kibirizi
Atajua mama. Jina langu anasahau, mto hasahau. Ananiambia majina ya mawe.

Nesi Mstaafu
Basi binti aende naye na mlezi wa kukodi wa huko huko Mayo, wapo. Wewe wasindikize mpaka Birkenhead, mpandishe melini, umwandikie huyo mlezi karatasi moja: anapenda nini, anaogopa nini, vijiko. Au wasogeze tarehe, uombe viza kama watu.

Mwana wa Kibirizi
Kusogeza ndiyo shida. Daktari hajasema miezi mingapi, ila dada amenunua tiketi haraka, na mimi najua kusoma haraka ya mtu. Halafu usiku akishtuka ananiita mimi. Anajua kuna mtu wa dagaa. Mlezi wa kukodi hana dagaa.

Mlinzi wa Lango
Kwa hiyo umeshaamua, ulikuja hapa tukubariki.

Mwana wa Kibirizi
Sijaamua. Ningekuwa nimeamua ningelala.

Mzee wa Busara
Bulgaria nasi tulikuwa na mwenzetu aliyevuka mpaka kwenda kumzika mwenye nyumba wake. Alirudi, lakini masomo yalikwisha. Sijawahi kumuuliza kama alijuta. Siku hizi ana duka la vifaa vya umeme Tabora.

Dada Zuhura
Kahawa ibebe hata kama utaishia Birkenhead. Mpe Mzee afike nayo. Ila usimpe yenye buni nzima, kule nani atamtwangia.

Mwana wa Kibirizi
Wakuu, saa kumi alfajiri hii. Nimefungua ile fomu ya viza ya Ayalandi nione tu inafananaje. Nimefika mahali wanauliza sababu ya safari. Mama Galway, niandike utalii?

Mama Galway
Niko macho. Usibonyeze kitu. Nitumie namba yako faragha nikupigie.