Naomba ushauri: fizikia napata jibu, lakini silielewi

Habari zenu ndugu. Najisomea fizikia ya mwanzo, mada ya mwendo na kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma). Kanuni nazijua, jibu linatoka sahihi, ila akili haijaridhika. Mpira uliorushwa juu wima, ukifika kileleni kasi ni sifuri, lakini mchapuko (kiwango cha kasi kubadilika) unabaki 9.8 m/s² kuelekea chini. Hilo nilichora grafu ya kasi na wakati, nikaona mstari unapita kwenye sifuri bila kukatika, nikapata mwanga. Kwenye kani bado giza: lifti inapopanda kwa kasi isiyobadilika, nahisi lazima kamba ivute zaidi kuliko uzito wa lifti, ingawa hesabu inasema ni sawasawa.

Naombeni msaada: hiyo lifti mnaifikiriaje hadi iingie akilini? Na mnajizoezaje kukisia jibu kabla ya kugusa kanuni?