Naombeni ushauri: aliyeanza unga (heroini) akiwa na miaka 15 anaweza kukomaa ukubwani?

Tumaini: Wakuu, kuna mtu wangu wa karibu, ana miaka 34, alianza unga akiwa na 15. Sasa ameacha. Shida ni tabia: ukimkatalia jambo dogo ananuna siku nzima, ahadi hatimizi, uongo hauishi mdomoni. Ndiyo hulka yake au ni unga? Matusi sitaki.

Mcha Mungu: Aombewe. Mengine yatafuata.

Nesi Mstaafu: Hakuna hulka moja ya mateja wote. Ila sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Wenzake walipokuwa wanajifunza kukataliwa na kufiwa, yeye kila uchungu aliuzima kwa dozi. Uongo nao ulikuwa njia ya kukimbia arosto, yale maumivu ya kukosa dozi, ulimi ukazoea. Hurekebishika, polepole. Ameacha lini? Ni nani yako?

Tumaini: Muda kidogo.

Nesi Mstaafu: Kidogo ni lini?

Tumaini: Mwezi uliopita. Alitoka soba, ile nyumba ya kuachia unga, kabla ya kumaliza; walikuwa wanamwonea. Ni mchumba wangu, tarehe ya ndoa imepangwa. Akiwa na familia atatulia, namjua.

Bandari: Hapo huolewi, unaasili mtoto 😂

Kaka Mkubwa: Mdogo wangu alipotoka soba tulimkabidhi duka. Hakuiba hata senti. Alishindwa tu kumwambia mteja "hapana". Watu wakakopa mpaka rafu zikabaki tupu, naye anajifungia ndani kulia. Kilichomsimamisha ni methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini, na mshauri, siyo duka.

Jicho Kali: Hii chai. Akaunti ya leo, mara "mtu wa karibu", mara mchumba, kila swali linazaa jipya. Mods fungeni uzi.

Bandari: Kesho atatuambia ana mimba.

Tumaini: Nitunge ili nipate nini? Mngempenda mtu msingesema hivyo.

Nesi Mstaafu: Chai au siyo chai, kuna wanaosoma wenye mtu kama huyo. Mwili uliokaa bila heroini hauhimili tena dozi ya zamani; akiirudia, pumzi hukatika. Ndiyo maana wengi hufa wiki za mwanzo baada ya kutoka soba au jela. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini mwilini, ikiwahi huirudisha pumzi. Dada, ahirisha ndoa, mpeleke kwenye methadoni.

Tumaini: Kuahirisha haiwezekani, kadi zimeshatoka. Hiyo naloksoni, mtu asiye daktari anaweza kuitumia nyumbani?