Naomba ushauri: nifundisheje uharibifu wa misitu ya milimani bila kuwashutumu wazazi?

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha jiografia kidato cha pili huku Usambara Mashariki. Kitabu kinataja ukataji miti kisha kinapita, ila wanafunzi wangu wengi karo na sare zao zinatokana na iliki. Na iliki hulimwa ndani ya msitu: mkulima anafyeka mimea yote ya chini, anaacha miti mikubwa itoe kivuli. Ukitazama kwa mbali, msitu upo. Ukiingia, huoni miche ya kurithi miti ile ikizeeka. Mapengo yanashikwa na mhesi, mti wa kuletwa, ambao mbegu zake husambazwa na ndege aitwaye hondohondo.

Niliwasimulia kisa cha chura wa Kihansi, kule Udzungwa. Bwawa la umeme lilipunguza maji ya maporomoko mwaka 2000, manyunyu aliyoyategemea yakakatika, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Bahati wengine walikuwa wamepelekwa kufugwa Marekani, walirudishwa 2012. Darasa lilisikiliza kimya. Kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo baba naye ni mharibifu?" Nilimwambia hapana, lakini jibu hilo halitoshi na linanikera mpaka leo.

Nafikiria kuwapeleka wahesabu miche wenyewe, shamba la iliki na msitu wa hifadhi, halafu tumwalike mkulima aeleze upande wake. Mliofundisha Uluguru, Kilimanjaro au Taita, mlianzaje? Na wazazi mliwashirikisha kabla au baada?