Wakuu naomba ushauri: naweza kupaka waksi juu ya seramiki ili Harrier ing'ae zaidi?

Mpole wa Sinza (mleta mada)
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Kuna Harrier nyeusi imepigwa koti la seramiki (ile dawa ya kimiminika inayokauka juu ya rangi ikawa kinga), na kazi imetoka vizuri. Ukisimama mbele yake inawaka. Ila ukizunguka ubavuni jioni naona imetulia mno, haina ule weusi mzito wa kujitazama meno. Jumamosi kuna shughuli ya harusi na gari hilo ndilo litatangulia. Nina kopo la waksi ya mgando nimelichukua Kariakoo, muuzaji kasema inakaa juu ya kitu chochote. Je, nikiipaka juu ya seramiki nitapata mng'ao wa ziada au kuna madhara? Naomba wenye uzoefu, na matusi tuyaweke pembeni.

Kikoti Mstaafu
Wa kwanza. Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa pale na kahawa yangu.

Fundi Gerezani
Mkuu, kupaka unaweza, faida ndiyo sioni. Seramiki nzuri imetengenezwa ili vitu visishike juu yake, na waksi nayo ni kitu. Itakaa wiki chache, jua na mvua vitaiondoa. Kwa muda huo utakuwa umelifunika koti ulilolipia pesa nyingi ukabaki na tabia za waksi: maji hayakimbii kama mwanzo na vumbi linanata. Mtu akitaka kuongeza mng'ao juu ya seramiki anatumia dawa ya kupulizia yenye silika, ambayo ndiyo msingi wa seramiki yenyewe, anapuliza na kufuta kwa kitambaa cha maikrofaiba, basi.
Nijibu mambo mawili. Koti lilipigwa lini? Na kopo lako limeandikwa nini kwa nyuma?

Mlipa Kodi
Hela ya seramiki na waksi ungeshapata robo eka Chanika. Vijana mnang'arisha bati huku mnalala kwenye nyumba ya kupanga.

Mpole wa Sinza
Asante fundi. Limepigwa juzijuzi tu. Kopo limeandikwa waksi, na muuzaji alinieleza ni karnauba asilia ya Brazili. Nimesoma mahali kuwa karnauba ndiyo inatoa mng'ao wa kina kuliko kitu chochote, sasa seramiki chini na karnauba juu si inakuwa kinga mara mbili?

Mgogo Halisi
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na Mark II nyeupe nikiwa Dodoma. Siku moja tunakwenda Morogoro msibani, kijana wa kuoshea magari akanipigia dizeli mwili mzima, gari likameremeta mpaka mke wangu akauliza kama nimebadilisha rangi. Tulipofika Kibaigwa lilikuwa limegeuka rangi ya ardhi. Vumbi la njiani lote lilinata pale. Kufika msibani watu wakadhani tumepinduka. Tangu siku hiyo gari langu ni maji na shampuu, mambo ya kupakapaka nimeacha.

Bin Malindi (Maskati)
Sheikh yangu, sisi huku Omani wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 45, na gari nyeusi ikishinda juani boneti huwezi kuiweka kiganja. Zamani nikipaka waksi kila mara, ikilainika ile, upepo wa jangwani unakuja kuimwagia mchanga. Tangu kutia seramiki naosha tu na kufuta. Karnauba ni nta ya majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki ya Brazil, ni nzuri kweli kwa rangi iliyo wazi, isiyokuwa na koti. Juu ya koti ni kazi ya bure.

Binti wa Pangani
Kaka, siku ya harusi watu wanamtazama bibi harusi. Hakuna shangazi atakayeinama kuchungulia ubavu wa Harrier. Gari likiwa safi na dereva akiwa hajalewa, shughuli imependeza. Tunajitesa sana na mambo ya kuonekana.

Fundi Gerezani
"Juzijuzi tu" siyo tarehe, mkuu. Lini?

Mpole wa Sinza
Jumanne jioni. Ila nilizingatia. Niliambiwa lisiguswe maji wala lisioshwe wiki nzima, ndiyo maana nikachagua waksi ya mgando ambayo haina maji. Sijakurupuka.

Fundi Gerezani
Leo ni Alhamisi!
Fungua kopo unuse. Hiyo harufu inayokaribia mafuta ya taa ni viyeyushi, ndivyo vinaifanya nta iwe laini ya kupakika. Koti la seramiki likipakwa huwa bado bichi. Linaanza kushika ndani ya saa chache, lakini kukomaa kabisa linachukua siku kadhaa, na watengenezaji wengi wanataka saa 24 za kwanza lisipate maji na wiki ya kwanza lisipate sabuni. Wanakataza maji kwa sababu yanaacha madoa ya chumvi kwenye koti bichi. Hawajamaanisha kwamba kila kisicho maji kinaruhusiwa. Na kile unachokiona kimetulia ubavuni huenda ni koti lenyewe halijamaliza kukaa, au taa ya hapo ulipo. Liache.

Dada Lulu
Samahani, mimi sijui magari. "Niliambiwa lisiguswe maji." Uliambiwa na nani? Mtu anayelipia seramiki anaelezwa na fundi mwenyewe. Gari ni la nani?

Kikoti Mstaafu
Kahawa imeanza kunoga.

Mpole wa Sinza
Sioni uhusiano wa mwenye gari na swali langu, ila kwa kuwa mmeng'ang'ania, ni la shemeji, mume wa dada yangu. Yuko Mwanza kikazi, anarudi kesho usiku. Alinituma nikalichukue kwa fundi na kulitunza mpaka arudi, na alishakubali litumike kwenye harusi ya binamu yangu. Sasa kama mtu amekuamini na gari lake, kulipendezesha si ndiyo shukrani? Angekuwa na muda angefanya mwenyewe. Na nilianza na nusu ya boneti tu, upande wa dereva, kwa kujaribu.

Dada Lulu
Nusu ya boneti tayari. Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, ulikuja kuombewa msamaha.

Mgogo Halisi
Shemeji ndiye mtu wa mwisho wa kumharibia gari. Ndugu wa damu mtagombana na mtapatana kwenye msiba, shemeji atakukumbusha kila Krismasi.

Fundi Gerezani
Hiyo nusu ikoje sasa? Eleza unachokiona, usiseme nzuri.

Mpole wa Sinza
Ilipokauka niliifuta. Inang'aa, ila ukitazama kwa pembeni kuna mawingu mawingu, na ule mpaka wa katikati unaonekana. Nikaona haitapendeza boneti kuwa na sura mbili, kwa hiyo mchana huu nimemalizia na upande wa pili ili ulingane. Sasa uko sawa. Milango sijagusa.

Mlipa Kodi
Ungenunua kiwanja.

Mchunguzi Huru
Wakuu, mnajisumbua. Hii ni chai ya maziwa kabisa, na ina tangawizi. Nimepitia nyuzi za huyu jamaa. Mwezi wa nne alikuwa mwalimu Songea anauliza mkopo wa kununua IST, na aliandika mwenyewe kwamba Dar hana ndugu hata wa kumpokea stendi. Leo ana Sinza, ana dada, ana shemeji mwenye Harrier, ana binamu anayeoa. Na shemeji yuko Mwanza, mbali kiasi kwamba hawezi kutokea. Hadithi imepangwa vizuri mno. Nusu ya boneti, kisha nusu ya pili? Mtu mzima hafanyi hivyo.

Kikoti Mstaafu
Duh. Uzi umepinda.

Binti wa Pangani
Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma dada wa watu. Leta picha kaka.

Mpole wa Sinza
Mtu akihama kituo cha kazi anatakiwa kuja kutoa taarifa jukwaani? Nimehamishwa mwezi wa saba. Dada na mume wake nao walikuwa hukohuko Mwanza, wamekuja Dar mwaka huu, ofisi ya mume bado inamrudisha Mwanza kila mwezi. Na IST sikupata, mkopo ulikwama. Mmeridhika? Nimekuja na tatizo la boneti mnanifanyia usaili.

Mchunguzi Huru
Picha.

Mpole wa Sinza
[picha]

Mchunguzi Huru
Namba ya gari umeifunika kwa kidole. Na nani anaegesha gari lenye koti bichi chini ya mwarobaini uliojaa ndege? Picha hii inaweza kuwa ya gari lolote lililosimama mtaani.

Bin Malindi (Maskati)
Ndugu zangu, kufunika namba ni haki yake. Ila hapo chini ya mti litoe leo hii. Kinyesi cha ndege kinatoboa hata koti lililokomaa, seuze la siku mbili.

Fundi Gerezani
Mchunguzi, chai au si chai, mimi nimeikuza hiyo picha. Chini ya mwanga wa taa ya geti boneti ina mistari myembamba ya mviringo, mizungukomizunguko, na imejaa upande wa dereva kuliko wa abiria. Waksi tupu haitoi alama hizo. Zinatoka kwa kitambaa kigumu, au kwa waksi iliyochanganywa na chembe za kusugulia. Kuna makopo mengi mtaani yanaitwa waksi kumbe ndani ni waksi na polishi pamoja, kazi yake ni kusugua rangi iliyochoka. Hapo ndipo nilipokuuliza limeandikwa nini nyuma na hukunijibu.
Watu wanapotoshwa na ile 9H ya kwenye matangazo wakadhani koti ni jiwe. 9H ni kipimo cha ugumu wa penseli. Koti lenyewe lina unene wa kama maikroni 1 au 2 tu (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati rangi yote ya kiwandani pamoja na klia, lile tabaka la juu linaloonyesha kama kioo, ni kama maikroni 100 hadi 150. Ukisugua kwa chembe, koti ndilo linaondoka kwanza.
Tafuta CD ya zamani isiyo na kazi. Chukua waksi kidogo, sugua upande ule unaong'aa kama kioo kwa nguvu uliyotumia kwenye boneti, futa, kisha itazame kwenye mwanga. Ikibaki safi, una bahati. Ikiwa na ukungu, kopo lina chembe.

Mgogo Halisi
CD nitazipata wapi mimi, ila elimu nimeibeba.

Mpole wa Sinza
Nimepata ya nyimbo za kwaya ya dada. Imepata ukungu. Ina mistari ileile. Nyuma ya kopo wameandika "inasafisha, inaondoa mikwaruzo midogo na kung'arisha". Nilichukulia kuondoa mikwaruzo ni sifa nzuri.

Dada Lulu
Na CD ya dada nayo imekwenda.

Mchunguzi Huru
Nasimamia maneno yangu, ila hiyo ya CD ya kwaya imenitikisa kidogo.

Fundi Gerezani
Basi sikiliza, na usiniongezee chako. Usisugue tena. Usipulize chochote juu yake ili "kurekebisha". Vumbi lililopo usilifute kwa kitambaa kikavu. Litoe chini ya mti, liweke penye kivuli cha bati.
Mpigie shemeji leo, asikute mwenyewe kesho usiku. Kisha asubuhi mrudishe gari kwa fundi yuleyule aliyepiga koti, na mumwambie mlichopaka bila kupunguza neno, na kopo mwende nalo. Atafuta nta yote kwa dawa ya spiriti, atapima mikwaruzo, akihitaji atapiga polishi laini boneti peke yake na kuipaka koti upya. Boneti ni kipande kimoja, haimlazimu kurudia gari zima. Gharama ni yako, usimwachie shemeji. Likilala ndani kwa fundi usiku wa kesho, Jumamosi linaweza kutoka, mradi mvua isinyeshe na msiende kulipitisha kwa waosha magari.

Mpole wa Sinza
Fundi nimekuelewa. Ila kumpigia leo yuko kwenye vikao, nilikuwa nafikiria nimweleze akishashuka, amepumzika, amekula.

Binti wa Pangani
Akishakula atakuwa na nguvu zaidi. Piga sasa hivi.

Mpole wa Sinza
Nimempigia. Amenyamaza kwa muda, kisha akauliza ni boneti peke yake au na milango. Nikamwambia boneti. Akasema anampigia fundi wake mwenyewe, mimi niwe pale saa mbili asubuhi. Dada bado hajui habari ya CD.

Bin Malindi (Maskati)
Mashaallah, huyo shemeji ni muungwana. Mshike vizuri.

Fundi Gerezani
Sawa. Jambo moja zaidi kwa kuwa ni gari la harusi. Boneti itakuwa na koti la usiku mmoja. Mapambo yafungwe kwa utepe kwenye vitasa vya milango na grili ya mbele. Selotepu wala gundi isiguse boneti, na yale maua yenye raba za kunyonya msiyaweke.

Mpole wa Sinza
Kamati ya mapambo ilishanunua yale ya kunyonya. Wanasema lile ua kubwa lazima likae katikati ya boneti, bibi harusi kalichagua mwenyewe.

Fundi Gerezani
Nitumie namba ya mwenyekiti wa kamati kwa faragha.