Vitufe vya mwangaza vimegoma baada ya kusasisha kerneli

Wakuu, tangu nisasishe kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux jana, Fn+F5 na Fn+F6 hazibadilishi mwangaza wa skrini. Za sauti zinafanya kazi. Nasoma usiku, macho yanauma kweli. Nianzie wapi?

— Pole sana. Tujue kwanza kama kitufe kinasikika. Kwenye terminali, endesha sudo libinput debug-events --show-keycodes, kisha kibonyeze.

— Inatokea KEY_BRIGHTNESSDOWN.

— Basi kibodi ni nzima, usiiguse! Shida iko kwenye taa ya skrini. Fungua /etc/default/grub (faili ya mipangilio ya GRUB, programu inayowasha mfumo), ongeza acpi_backlight=native (huchagua njia ya kudhibiti taa hiyo) ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, endesha sudo update-grub, uwashe upya. Ikikataa, weka vendor badala ya native.

— Native imekataa, vendor imekubali. Asante mno mkuu, leo nasoma kwa raha.