Zahanati wamenirudisha, wanataka mume. Nifanyeje?

Binti wa Ziwani: Habari za jioni wanajamvi. Niko Geita vijijini, ni mjamzito na sijaanza kliniki. Nilipokwenda zahanati nikaambiwa nirudi na mume tupime wote, au nilete barua ya serikali ya kijiji. Mume yuko machimboni Chunya, simu haipatikani. Mtendaji ni ndugu yake, sitaki aanze kunihoji. Je, zahanati ya kijiji jirani nao wanadai hivyo hivyo? Matusi sitaki, nina mawazo ya kutosha.

Fundi Mabomba: Pole dada. Mimi wangu nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi mwanaume peke yangu, wamama wananitazama kama nimekuja kuiba. Ila waliokuja wawili walihudumiwa kwanza, saa tatu tukawa tumeshatoka. Wanaume tubadilike.

Mzee wa Kanda: Tuanze na la msingi. Mimba ni ya huyo wa Chunya?

Binti wa Ziwani: Ni ya mume wangu. Nimesema matusi sitaki.

Mama Kheri: Achana naye mdogo wangu. Mimba ina miezi mingapi? Mbona hilo hujaligusa?

Binti wa Ziwani: Inaingia wa saba.

Mama Kheri: Wa saba, hujapimwa hata presha!

Binti wa Ziwani: Dada, zahanati ni mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni hela ya mboga ya wiki. Na mimba changa huku hatuitangazi, watu wana macho mabaya. Isitoshe suluhisho nimeshalipata, nilitaka kuthibitisha tu. Kuna kijana wa bodaboda atasimama kama mume, nimeshampa hela ya utangulizi. Wenzangu wamefanya hivyo na wakapewa kadi.

Mzee wa Kanda: Huyo kijana ana ruti ngapi za umume kwa siku?

Nesi Mstaafu: Mwanangu, hela hiyo ihesabu imepotea. Mkiingia wawili mtapimwa wote VVU na kaswende, na majibu ya kijana huyo yataandikwa kwenye kadi yako kama ya mumeo. Akiwa mzima na mumeo si mzima, wahudumu watakuona uko salama wakati hauko. Akikutwa na maambukizi, utaulizwa maswali ya ndoa isiyo yako.

Kuja na mwenza kuliwekwa ili mtoto akingwe. Hakukuwekwa ili mama afukuzwe mlangoni, na aliyekurudisha bila hata kukupima presha amekosea. Nimefanya kazi hii hadi nimestaafu, jambo hili linaniuma. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta takriban robo tu ya wajawazito Tanzania walianza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Halafu anayejikokota hadi mlangoni tunamwambia rudi!

Nikuulize: huyu ni mtoto wa ngapi, na wa mwanzo ulijifunguaje?

Binti wa Ziwani: Ni wa pili. Wa kwanza nilijifungua salama.

Nesi Mstaafu: Salama kwa njia gani?

Binti wa Ziwani: Kwa kisu. Ndiyo maana sina haraka na hiyo kliniki, wakiona kovu watanipa rufaa ya mjini na sina wa kumwachia mtoto. Kuna bibi hapa mtaani anazalisha, mikono yake myepesi. Aliyezaliwa kwa kisu huko nyuma haina maana wa pili naye akatwe.

Mama Kheri: Jamani! Wifi yangu alikuwa na kovu, akajifungulia nyumbani, kizazi kikapasuka. Siwezi kuandika zaidi.

Kijiwe Namba Moja: Wakuu, mnapigwa chai. Kwanza barua, mara bodaboda, sasa kisu. Kila mkiuliza, hadithi inanenepa. Na ID hii mwezi uliopita ilikuwa inauliza bei ya pikipiki iliyotumika na kujiita "mimi kijana wa kiume". Angalieni nyuzi zake.

Fundi Mabomba: Nimeangalia, kweli ipo. Nami nilikuwa nataka kumtumia nauli!

Binti wa Ziwani: ID ni ya mdogo wangu, simu ni yake. Mimi natumia kitochi. Usiamini ukitaka. Sikuomba hela ya mtu hapa. Kichwa kinaniuma tangu juzi, sina nguvu ya kubishana.

Nesi Mstaafu: Kijiwe, subiri kidogo. Binti, kichwa kinauma vipi? Unaona maluweluwe? Uso na vidole vimevimba?

Binti wa Ziwani: Pete imekataa kutoka. Vimulimuli naona jioni.

Nesi Mstaafu: Hayo hayasubiri barua. Inaweza kuwa presha ya mimba, na ikiachwa inaleta kifafa cha mimba. Kuna sindano ya kukizuia, lakini lazima ufike mahali ilipo. Piga 115 sasa hivi, hailipiwi, ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Taja kichwa, vimulimuli, uvimbe na kovu. Wakija usianze na habari za mume.

Kijiwe Namba Moja: Bado nina mashaka na ID. Ila kama ni kweli, dada piga.

Mama Kheri: Na mtoto mpeleke kwa jirani yeyote usiku huu, hata kwa mke wa huyo mtendaji.

Binti wa Ziwani: Mdogo wangu anapiga. Wanauliza kijiji na kitongoji. Wamesema gari linatoka kituo cha afya, nitafute kadi ya operesheni ya kwanza. Mtoto nimempeleka kwa bibi mkunga.